Saa Tatu ya Seva

Machi 4

Kuna mlio mmoja ambao haujawahi kunitoka: ting ya haragwe likiangukia kisinia cha chuma. Nilikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimejitia haragwe sikioni nione kama litaota, na tabibu wa zahanati akalichokoa kwa kibanio, akaliachia, likalia. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imezibwa upande mmoja. Baada ya hapo nilisikia kila kitu, hata pumzi za mama mkubwa aliyekuwa amenipakata.

Leo skrubu ya kwanza ya seva kuukuu imeniponyoka, ikaangukia ndani ya kasha, na mlio ukawa uleule. Nikabaki nimesimama na bisibisi mkononi kama mtu aliyeitwa na asiyemwona.

Niandike kwa mpangilio. Wanafunzi wa zamani wanakuja shuleni kuomba nakala za matokeo yao, na madaftari ya miaka ile yaliliwa na maji. Mkuu wa shule amenituma nitazame kama ndani ya seva ya zamani, iliyolala stoo miaka mingi, kuna kitu cha kuokoa kabla haijachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Lori litakuja mvua zikikatika na barabara ikikauka. Mkataba wangu wa majaribio nao unaisha mwisho wa Mei. Kwa hiyo mimi na mashine tunangoja siku moja.

Mkuu wa shule tunamwita Dakika, akiwa hayupo, kwa sababu hakuna kengele ya shule hii inayolia bila yeye kuitazama saa yake ya mkononi kwanza, kama anayeikosoa kengele. Anajua mimi ni mtoto wa nani. Aliniajiri akijua. Mama mkubwa, dada wa marehemu mama, aliyenilea, alikuwa katibu muhtasi wa shule hii miaka kumi na moja, na seva hii ndiyo aliyokuwa akiitunza mpaka siku alipofukuzwa kwa sababu yake. Dakika hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Mimi pia sijawahi. Nimekuwa nikiuita ukimya wetu heshima.

Machi 5

Mvua. Stoo inavuja pembeni, si juu ya mashine. Bado.

Machi 8

Leo nimeifungua yote. Kasha lina kimo cha kiuno changu na linataka watu wawili kulisogeza. Mtunza stoo, dada mcheshi mwenye funguo nyingi kuliko milango, analiita jeneza la mbuzi. Aliniombea kheri, akaniomba mbuzi akifufuka nimfunge mbali na karatasi zake.

Juu kuna kisanduku cha umeme. Feni yake imezibwa na nyumba ya nyigu, udongo mgumu wenye vyumba vinne, vyote vitupu. Chini yake diski mbili, kila moja nzito kama tofali, zimeungwa na waya bapa wa kijivu wenye mstari mwekundu ukingoni. Niliufuata waya kwa kidole mpaka kwenye bodi kuu, pana kama sinia la wageni. Kadi ya mtandao ina tundu la mviringo. Mama mkubwa aliwahi kunieleza kwamba waya mmoja mnene ulipita ofisi zote kwa zamu, na mmoja akiuchomoa kwa mguu, wote walikosa faili zao na kulaumiana. Kumbukumbu yote ya mashine hii haitoshi picha moja ya simu yangu. Na bado ilibeba shule nzima.

Betri ya saa, ile inayoisaidia mashine kukumbuka wakati hata umeme ukikatika, imevuja. Maji yake yamechuruzika kwenye bodi na kuacha ukoko wa kijani.

Upande wa ndani wa mfuniko kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imekuwa kahawia. Mwandiko ninaujua, ndio ulionifundisha kuandika, na kila "g" yake ina mkia wa mjusi. Inasema: "Betri mpya imetiwa leo, Juni 2. Saa imerekebishwa, 3:15 asubuhi. Usiguse bila kuniambia."

Nilicheka peke yangu. Hata mashine aliipa amri. Nikaendelea na skrubu.

Machi 9

Mvua.

Machi 12

Mama mkubwa ameniuliza ninafanya nini siku hizi nikirudi na vumbi kwenye nyusi. Nikamwambia ninasafisha stoo. Sikudanganya, nilipunguza. Akasema stoo ya shule ile haisafishwi, inahamishwa uchafu tu, akaniwekea maji ya kuoga.

Hataji shule kwa jina. Husema "kule".

Machi 19

Siki na mswaki wa zamani. Nimesugua ukoko wa kijani siku tatu, taratibu, kama mtu anayemwosha mgonjwa kidonda. Njia mbili za shaba zimeliwa kabisa. Nimeziunga upya kwa nyuzi nyembamba. Mkono wangu hautetemeki nikishika kitu kidogo. Unatetemeka nikishika barua.

Barua ya kumfukuza kazi mama mkubwa niliisoma nikiwa kidato cha pili. Ipo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama mkubwa. Alama za hisabati za mwanafunzi mmoja zilibadilishwa kutoka 31 kuwa 81. Mashine ilionyesha saa ya mabadiliko. Barua ilisema: "saa kumi na dakika arobaini alfajiri, wakati ambao ni wewe pekee uliyekuwa na ufunguo na desturi ya kuingia ofisini." Ni kweli alikuwa na desturi hiyo. Tulikaa kwenye nyumba za shule, na alfajiri umeme ulikuwa haukatiki, basi mara nyingi alikwenda kuchapa mitihani wengine wakiwa wamelala. Alisema siku ile hakwenda. Shahidi wake alikuwa mto aliolalia kichwa.

Kuanzia hapo watu walimwita Alfajiri. Mimi nikawa mtoto wa Alfajiri. Niliona ni jina zuri, nilijitambulisha nalo, na watu wazima walitazamana.

Machi 27

Nimeiwasha. Nimebonyeza swichi kubwa nyekundu, kah. Feni imezunguka, taa imewaka, diski ya kwanza imezunguka na kunguruma. Ya pili imelia mara moja kama mtu anayeguna, ikanyamaza. Imeganda. Nimezima haraka.

Machi 28

Mvua siku nzima. Barabara imekuwa uji. Sijawahi kuyapenda matope hivi.

Aprili 2

Diski ya pili ndiyo yenye faili za ofisi, kwa hiyo bila hiyo sina kitu. Niliichomoa, nikaiweka mbele ya kipasha joto nusu saa, nikairudisha, nikawasha, na papo hapo nikaigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Mara moja, si kwa hasira. Ikazunguka.

Mtunza stoo alikuwa mlangoni. "Kumbe hata nyinyi wasomi mnapiga makofi," akasema.

Nikamwambia hilo ni kofi la kitaalamu. Akataka nimpigie na redio yake.

Nimeanza kunakili. Sitaizima tena mpaka nimalize. Inaweza isiamke.

Aprili 3 hadi 8

Kunakili. Polepole. Umeme umekatika mara mbili, betri za akiba zikashika. Dakika amepita kila siku, amesimama mlangoni, hakuingia. Jana aliuliza kama mashine "inakumbuka". Nilifurahi nikidhani anapenda kazi yangu. Usiku wa manane hausemi uongo, walisema wahenga wa wapi sijui. Mimi nasema hata mlango hausemi uongo. Mtu anayesimama mlangoni anaogopa chumba.

Aprili 10

Matokeo yapo. Miaka sita, darasa kwa darasa. Wanafunzi wa zamani watapata nakala zao. Kazi niliyopewa imekwisha.

Lakini kuna jambo. Nilipanga faili kwa saa zilipoguswa mara ya mwisho. Za kabla ya Juni ya mwaka aliofukuzwa mama mkubwa karibu zote ni za saa za kazi, chache za alfajiri, na kila siku kuna pengo mchana. Za baada ya hapo karibu zote zinaanzia 02 mpaka 11, na pengo liko kwenye 07. Kana kwamba tangu Juni shule nzima iliamka usiku, ikafanya kazi gizani na kulala mchana. Nimedhani ni kosa la nakala yangu. Nimerudia. Ni vilevile.

Aprili 11

Nataka kuiandika siku hii kama ilivyokuwa, bila kujipamba.

Nilikuwa mbele ya orodha tangu asubuhi. Pengo kwenye 07. Kila siku, 07. Nilifikiri nyigu, nilifikiri betri, nilifikiri mtu mwovu mwenye subira. Kengele ikalia. Mtunza stoo akapitisha kichwa mlangoni na kusema, "Saa saba hii, dada. Tumbo halina mkataba wa majaribio."

Nikageuka kumjibu, nikajikuta narudia neno lake.

Saa saba. Watu huacha kazi saa saba, wakaenda kula. Pengo la 07 halikuwa usiku. Lilikuwa saa saba mchana.

Nikachukua mfuniko, nikaushika karibu na dirisha. "Saa imerekebishwa, 3:15 asubuhi." Nikafungua kumbukumbu za mashine yenyewe za Juni 2. Imewashwa: 03:15.

Nimeisoma karatasi ile mara ngapi? Nimeinakili hata humu. Na kila mara niliisoma kama mtu: saa tatu na robo, jua limeshapanda, watoto wako darasani. Mama mkubwa alitia betri, mashine ikamuuliza saa ngapi, akatazama saa ya ukutani na kuijibu kama angemjibu mtu yeyote njiani. Tatu na robo. Mashine haikubisha. Tangu siku ile ikawa inahesabu kama sisi.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, Juni 19, mtu akabadilisha alama, na mashine ikaandika 04:40. Yaani saa nne na dakika arobaini, wakati wa chai, milango wazi, neno la siri likiwa limebandikwa ukutani kwa sababu kila mtu alilisahau. Kamati ya uchunguzi ikaisoma 04:40 na kufanya tulivyofundishwa wote, ikaongeza sita, ikapata saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Walitafsiri kitu ambacho tayari kilikuwa Kiswahili.

Sikula. Mtunza stoo aliniletea ndizi mbili.

Aprili 12

Mama mkubwa alipokwenda dukani nilifungua kopo la biskuti. Nilikumbuka barua ina aya ya pili, ile ambayo nikiwa kidato cha pili niliiruka kwa sababu haikuwa na wizi ndani yake. Inamshtaki kwa kosa dogo la nyongeza: kwamba tarehe hiyohiyo, Juni 19, hakuonekana kazini "kuanzia saa tatu na nusu hadi saa sita mchana, bila ruhusa".

Saa nne na dakika arobaini imo katikati. Shitaka lao la pili linamtoa kwenye lile la kwanza. Yalikaa kwenye karatasi moja miaka ishirini na nne, yakipingana, na hakuna aliyeyasikia.

Chini ya barua kulikuwa na kadi ya zahanati, rangi ya waridi, imepauka. Jina langu. Juni 19. "Kitu kigeni, sikio la kushoto. Kimetolewa, haragwe."

Nilikaa sakafuni mpaka niliposikia lango.

Aprili 14

Sijamwambia. Nikimwambia kwamba hakuwa mwizi, ambalo analijua, itabidi nimwambie pia kilichomponza, ambacho hakijui: mkono wake mwenyewe, saa aliyoiweka yeye. Na kwamba alitoka ofisini kwa ajili ya sikio langu. Je, nimpe haki iliyofungwa pamoja na mwiba?

Aprili 17

Jua siku mbili. Mnunuzi amepiga simu.

Aprili 18

Mvua, alhamdulillahi.

Aprili 22

Nimekwenda kwa Dakika. Nilipeleka mfuniko wenyewe, nimeufunga kwa kanga kama mtoto, na orodha, na nakala ya barua. Nikamweleza taratibu. Nilitegemea akasirike, au aniite mwongo, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Alivaa miwani, akasoma karatasi ya kahawia, akaisoma tena. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani ikiwa imelala kifudifudi. Sijawahi kuuona mkono wake bila saa. Palikuwa peupe.

"Hesabu ile niliifanya mimi," akasema. "Kwa kalamu, mbele ya kamati. Nilikuwa makamu, kijana. Nilijivunia kwamba sikukosea kuongeza sita."

Nikamuuliza kama aliwahi kuwa na shaka. Akasema alianza kuwa na shaka miaka mingi baadaye, si ya saa, bali ya mtu. Alikuwa amemjua mama mkubwa miaka kumi na moja na karatasi moja dakika tano, na akaamini karatasi. Ndiyo maana maombi yangu ya kazi yalipofika aliyaweka juu. Kumbe sikuajiriwa kwa heshima wala kwa uwezo tu. Nilikuwa deni la moyo wake. Iliniuma zaidi ya nilivyodhani.

Halafu akasema, "Nimebakiza miezi mitatu nistaafu, mwanangu. Nipishe nitoke. Siku ya pili yake, sema lolote."

Hakunitisha. Mkataba wangu ulikuwa mezani, chini ya kasha la miwani, haujasainiwa, na hata hakuutazama. Nilimwomba lori lisimamishwe. Akasema lori ni amri ya bodi ya shule. Nikafunga mfuniko wangu, nikatoka.

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi. Lakini mbele yangu alikaa mtu mzima anayeona aibu, na mimi nilikuwa nimeisoma karatasi ileile mwezi mzima bila kuiona.

Aprili 30

Mvua ndogo. Nimeshawishika kungoja. Miaka ishirini na nne kujumlisha miezi mitatu, ni nini?

Mei 3

Nani alibadilisha alama, mashine haijui. Ilijua saa tu, na hata saa tuliifundisha sisi.

Mei 7

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa chini, nikachambua naye, nikaanza kutoka mwisho: kwamba nimeona saa, kwamba ilikuwa saa nne asubuhi, kwamba barua yao yenyewe inamtoa. Hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye betri mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo saa niliiharibu mimi."

Nikasema ndiyo. Nikasema pia kwamba siku ile alitoka kazini kwa sababu yangu. Nikaanza kulia, jambo nililojiapiza nisilifanye.

Aliutazama ungo. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, akacheka akiwa ameshika mbavu, akasema kwamba lile dude lilimuuliza saa ngapi, naye akalijibu, angefanyaje, angelikalia kimya kama asiyefunzwa adabu?

Alipotulia nikamweleza ombi la Dakika. Miezi mitatu.

"Mitatu ya saa yake," akasema, "kwangu ni tisa. Nimeshaongezewa sita mara moja, inatosha."

Nikamwambia naweza kuandika taarifa bila kutaja nani aliweka saa. Niseme tu saa ilikuwa na kasoro. Hapo hakucheka.

"Usininyang'anye kosa langu. Kosa la saa ni langu, liandike na jina. Lile la wizi ndilo halikuwa langu. Ukificha moja, watasema umeficha mawili."

Akachukua haragwe moja kwenye ungo, akaligeuza kati ya vidole, akanitazama sikio.

"Na hili nalo likaota mti gani huu," akasema.

Mei 9

Naandika taarifa. Kurasa tatu. Nimefuta neno "dhuluma" mara nne. Siliweki. Saa zinatosha.

Mei 11

Jua. Leo Mei 12, jua tena. Barabara inapasuka kwa ukavu pembeni. Lori ni keshokutwa.

Mei 14

Lori limekuja saa mbili asubuhi. Nilikuwa stoo kabla yake. Mfuniko, diski mbili na bodi kuu nilishavitoa jana na kuvikabidhi kwa mtunza stoo, aliyeviandika kwenye kitabu chake kwa kalamu nyekundu: "vitu vya mbuzi, haviuzwi." Vijana wa lori walibeba kasha lililobaki. Lilikuwa jepesi, walishangaa.

Kisha nilipita kwa Dakika na kumpa nakala yake kwanza, mkononi, nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuna nyingine tano za wajumbe wa bodi na ninazipeleka sasa hivi, si baada ya miezi mitatu, na kwamba nimeandika ndani yake kwamba kosa lake halikuwa la ubaya. Alikuwa amevaa saa yake. Akaitazama, kwa mazoea, akaniambia niende basi, karani wa bodi hutoka mapema. Sikuuliza habari za mkataba. Ulikuwa bado chini ya kasha la miwani.

Karani alipokea bahasha tano, akazihesabu, akapiga muhuri kwenye nakala yangu. Akainua macho kwenye saa ya ukutani na kuandika muda wa kupokelewa: 9:15. Nikamwomba aandike na kwa maneno. Akaniuliza kuna haja gani. Nikamwambia ni desturi ya nyumbani kwetu.

Akaandika, kwa mwandiko mzuri, mbele yangu: saa tatu na robo asubuhi.